Kliniki 13, Sio 12

Kuna kitu kimekuwa kikinikera tangu Disemba na leo wacha nikitoe. Watu wameamua ati zawadi ya kutengeneza kwa mkono ni ya mtu amesota. Ukiposti kadi umechora mwenyewe, hapo chini lazima mmoja aandike "bajeti imelia" na vikatuni vya kucheka kumi. Halafu huyo huyo anaenda mahali pa kuprinti, anawekea mpenzi wake sura kwa kikombe, analipa, na hiyo ndiyo inaitwa zawadi ya maana. Sawa, kikombe kiko na sura yake. Lakini hata mwenye duka sasa anaijua hiyo sura.

Sina vita na vikombe. Nataka tu kubishana nanyi nikitumia kalenda ya mezani niliyotengenezea kukhu wangu, ile ya karatasi inasimama kama hema. Kwa wale si wa huku kwetu, kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Anaishi Bungoma, upande wa Chwele. Mimi niko Kitale, chumba kimoja, na kazi yangu mnaijua kwa sababu mnaisoma sasa hivi. Kukhu huiita "kazi ya simu." Akiulizwa na majirani mimi hufanya nini, anasema niko Kitale, anaishia hapo.

Tuanze na pesa ndio tuzimalize. Karatasi ya manila mbili, bob 30 kila moja. Gundi nyeupe, 50. Fundi wa viatu wa kutoboa mashimo, 20. Katoni nilipewa bure na duka la chini ya ploti yetu. Jumla 130. Nauli ya kushuka Bungoma na kurudi ilinikula kuliko zawadi yenyewe, mara kadhaa. So ndiyo, mtu amesota anaweza. Mwenye pesa pia anaweza, ila pesa yake itamfikisha kwa manila na gundi tu. Baada ya hapo anabaki na viboksi 365 vitupu, na lazima ajue ataandika nini ndani.

Jaribu sasa hivi kabla uendelee kusoma. Fikiria mtu mmoja unasema unampenda. Mwezi wake wa sita uko na nini? Si sikukuu ya kuzaliwa, hiyo simu inakukumbusha. Namaanisha ni siku gani anapokea pesa ya chama. Ni siku gani anaogopa. Ni wiki gani hataki kupigiwa simu kwa sababu yuko shamba kutoka asubuhi. Mimi nilikaa na manila yangu nikaona najua Krismasi, Pasaka, na kwamba kukhu ana presha. Hizo mbili za kwanza hata Wajerumani wako nazo.

Kwa hivyo wikendi ya Jamhuri, kwa sababu tarehe 12 ilikuwa Ijumaa, nikapanda gari Kitale, tukapita Kiminini, Kamukuywa, tukakata Kimilili mpaka Chwele. Nilienda kupeleleza. Sikumwambia yeyote.

Kama umewahi kuingia nyumba ya watu wazima huku Magharibi, unajua kalenda haitupwi. Inaning'inizwa juu ya nyingine. Ukutani kwa kukhu kuna kalenda za agroveti, za wanasiasa walioanguka kura kitambo, za sako, za kanisa. Zingine ziko hapo kwa sababu ya picha tu. Nikazifunua moja moja, na chini kabisa nikapata ya hadwea fulani, ya mwaka wa 2015, yenye picha ya mabati. Binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, ana miaka 14 na mdomo wa miaka 40, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kalenda ya 2026. Akasema hiyo ya mabati itatosha, nifute tu 2015.

Alikuwa anacheka, lakini hebu angalia. Kila mwaka wa kawaida unasukuma siku mbele kwa moja, kwa sababu siku 365 ni wiki 52 na siku moja imebaki. Mwaka mrefu, ule Februari ina 29, unasukuma kwa mbili. Kutoka 2015 hadi 2026 ni miaka 11, na katikati kuna miaka mirefu mitatu: 2016, 2020, 2024. Kumi na moja na tatu ni kumi na nne, yaani wiki mbili kamili. Unarudi palepale. Mwaka wa 2015 ulianza Alhamisi, 2026 pia Alhamisi. Hata Pasaka, ambayo huwa inarukaruka, imeanguka tarehe 5 Aprili miaka yote miwili. Kitu haikubali ni Idd, kwa sababu hiyo inafuata mwezi wa angani na haina haja na mahesabu ya hadwea. Na tarehe 10 Oktoba pia. Kwa ile ya 2015 ni siku nyeusi ya kawaida, kwa sababu katiba ya 2010 iliiondoa Moi Day, halafu 2017 mahakama ikairudisha, ikaja kuitwa Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Mwaka huu imeanguka Jumamosi, so wanafunzi msishangilie.

Nikamwomba kukhu hiyo ya mabati. Akaniuliza ya nini. Nikasema picha ni nzuri. Akanitazama vile mtu hutazama mtoto ambaye labda Kitale imemharibu, akaniambia nichukue.

Sasa ile sehemu ngumu. Nilikuwa nauliza maswali kama polisi aliyetumwa na chifu. Chama chao ni kila Alhamisi ya pili ya mwezi, na zamu yake ya kupokea ni Juni, so hiyo ni tarehe 11. Kupanda mahindi hakuna tarehe, ni mvua ndiyo inasema, mwisho wa Machi au ikichelewa Aprili. Kwa hivyo hapo nikaamua sitaandika chochote. Nitachora tone la mvua tupu kwa ukingo, ajaze mwenyewe ikinyesha. Birthdei yake haiko. Kitambulisho kina mwaka peke yake, na yeye anachojua ni kwamba mama yake alimzaa wakati wa kuvuna wimbi. Nikamuuliza kama niweke alama siku kuka alituacha, tarehe 14 Novemba. Akasema hiyo haihitaji kalenda. Tukanyamaza kidogo, akaniongezea chai.

Na Agosti. Agosti ndiyo mwezi mkubwa mwaka huu, kwa sababu 2026 inagawanyika kwa mbili, na Babukusu hutahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili. Binamu ndiye anaingia. Tayari ameanza kutembea kama mtu anayefuatwa na kamera. Atafunga chinyimba mikononi, atazunguka kualika watu wa ukoo, ataenda kwa khocha wake, yaani mjomba, na siku yenyewe alfajiri atapakwa matope mtoni arudishwe nyumbani akiimbiwa. Tarehe bado wazee hawajakaa chini kuipanga. Kwa hivyo kwa Agosti niliamua nitapaka ukingo wote wa ukurasa rangi ya udongo na niache viboksi wazi.

Halafu nikaomba kitabu cha kliniki.

Kukhu ana kadaftari kadogo anakoenda nako hospitali, kamefungwa kwa karatasi ya nailoni pamoja na kitambulisho. Nilitaka tu kujua kliniki ya Januari ni lini. Nikaona mwisho wa kila ukurasa nesi ameandika kitu kimoja: TCA 4/52. Nikaona pia tarehe. Agosti 5. Septemba 9. Oktoba 7. Novemba 11. Disemba 9. Zote Jumanne. Nikamuuliza kukhu anajuaje siku ya kwenda. Akasema si ni kila mwezi, mwezi mpya ukiingia anatafuta Jumanne, ya kwanza ama ya pili, ile hana kazi. Nikamuuliza anapewa dawa ngapi. Akanitolea pakiti. Mistari miwili ya vidonge 14. Ishirini na nane.

Sasa hesabu na mimi. Agosti 5 hadi Septemba 9 ni siku 35. Vidonge ni 28, kimoja kila siku. Hizo siku saba zingine alikuwa anameza nini?

"Zikiisha napumzisha mwili kidogo," akasema. Vile ungesema umepumzisha punda.

Nilimpigia rafiki wa mama ambaye ni nesi, si wa hospitali hiyo. Akanieleza kwamba TCA inamaanisha mgonjwa arudi tena, na 4/52 ni wiki nne. Ile 52 ya chini ni wiki za mwaka. Ingekuwa mwezi mmoja wangeandika 1/12, kwa sababu mwaka una miezi 12. Akasema pia dawa ya presha haipumzishwi kama daktari hajasema, hata ukijisikia poa, na kwamba nisianze kumpangia mgonjwa tarehe kabla ya kuthibitisha na kliniki yake. Jumatatu kabla nirudi Kitale nikapita huko, nikauliza. Ni wiki nne kweli, na Jumanne ndiyo siku ya presha.

Hapa sitafuti wa kulaumu. Kitabu kiliandikwa sawa. Kukhu naye alisikia wiki nne akaita mwezi, vile sisi wote tunaita. Lakini mwezi wa wiki nne kamili uko mmoja tu, Februari, na mwaka wa 2026 umejipanga hadi inafurahisha: inaanza Jumapili na kuisha Jumamosi, mistari minne imejaa, hakuna boksi limebaki. Miezi mingine yote ina siku mbili au tatu za kujificha. Ukienda kliniki mara 12 na kila mara unapewa vidonge 28, unapata 336. Mwaka una siku 365. Zimebaki 29. Karibu mwezi mzima wa kupumzisha mwili, na hakuna mtu kwa hiyo nyumba angeuona, kwa sababu umekatwakatwa vipande vya siku chache na kufichwa mwisho wa miezi.

Nilirudi Kitale nikiwa na haraka ambayo sikushuka nayo.

Kutengeneza kwenyewe ni rahisi, na najua wengine wenu mlikuja kwa hii, so shikeni. Manila moja inatoa kurasa nane za nusu ya A4, sentimita 21 kwa 14 na nusu hivi. Mbili zinatoa 16: miezi 12, jalada, na tatu za kuharibu. Usitumie karatasi ya printa. Mimi nilikuwa na nusu rimu ya A4 imebaki kutoka chuo, sitaki tuingie huko sana, lakini ni nyepesi, wino unatokea nyuma na ukurasa unajikunja kama sambusa ukikaa karibu na jiko. Hiyo A4 niliitumia kwa mazoezi tu.

Stendi: kata katoni kipande cha upana wa 21 na urefu wa 41. Pima 16, halafu 16, halafu 7, na 2 za mwisho ni za kupaka gundi. Kabla ya kukunja, pitisha biro iliyoisha wino kwa mstari, ukiegemea rula, ukikandamiza bila kupasua. Mifereji ile ya ndani ya katoni iwe imesimama wima kwa zile pande mbili ndefu, isilale, la sivyo baada ya mwezi stendi inachoka na kuinama kama mtu wa fungate. Nilifunika yote na karatasi ya khaki ya kufunikia vitabu.

Wiki ianze siku gani? Hii ilinikalisha jioni nzima. Kiswahili chenyewe kinaanza Jumamosi, sikia jina: mosi, pili, tatu, nne, tano. Halafu Alhamisi inaingia na tano yake ya Kiarabu, so wiki yetu iko na tano mbili na hakuna sita. Ukichora kuanzia Jumamosi, Agosti 2026 inaingia kona ya kwanza kabisa, inapendeza, lakini Januari, Mei na Oktoba zinataka mistari sita. Ukianza Jumatatu, Machi, Agosti na Novemba zinataka sita. Ukianza Jumapili ni Mei na Agosti peke yake. Nikachukua Jumapili. Nikachora gridi kwa penseli, nikaweka namba kubwa kwa sababu miwani ya kukhu ni ya msaada, haikupimwa kwa macho yake. Na kumbuka hauhitaji kupiga hesabu mara 12. Mwaka huu Februari, Machi na Novemba zinaanza siku moja. Januari na Oktoba pia. Aprili na Julai. Septemba na Disemba. Ile ya mabati ilikuwa kando yangu, kila ukurasa nikauweka juu yake kuhakikisha.

Rangi nyekundu niliiachia sikukuu za serikali, vile hadwea zote hufanya, macho yake yamezoea. Kliniki nikazipa buluu, duara lililojaa, saizi ya kidonge. Januari 6. Februari 3. Machi 3, na Machi 31 tena. Aprili 28. Mei 26. Juni 23. Julai 21. Agosti 18. Septemba 15. Oktoba 13. Novemba 10. Disemba 8. Hakuna hata moja iliangukia siku nyekundu. Nilipomaliza Disemba nikahesabu kwa kidole, nikahesabu tena kutoka nyuma. Kumi na tatu.

Mashimo nilipeleka kwa fundi wa viatu kando ya stage, kwa sababu panchi ya ofisi haiwezi kula kurasa 13 za manila mara moja. Akazipanga, akazigonga zikalingana, akatoboa na shazia yake, akaniuzia na uzi wa nailoni ule wa kushonea soli ndani ya hiyo hiyo 20. Akauliza ni ya shule? Nikasema ni ya kukhu. Akafunga fundo upya, la pili, bila kuambiwa.

Kuhusu video. Wengi mliniuliza mbona sikuposti ile sehemu ya kumpatia. Mliona stendi ikikatwa, mliona fundi, basi. Mimi nadhani tumeharibu zawadi na kamera. Mtu anafungua kitu huku anajua uso wake unafanya kazi. Kukhu angeninyoshea shingo, angeweka kitambaa, angesema "asante sana" kwa Kiswahili cha redio, na nisingejua kama ameielewa au la. Simu ilibaki kwa jaketi.

Ilikuwa tarehe 26, watu wameshiba, wengine wamelala kwa nyasi. Akapanguza mikono, akavaa miwani, akaanza kufunua polepole. Huyu mama ameuza sokoni maisha yake yote, namba hazimtishi. Akapita Juni, akaona pesa za chama, akacheka. Akafika Agosti, akagusa ule udongo wa ukingo na kidole, akamtafuta binamu kwa macho. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, na nikaona midomo yake inahesabu.

"Hii buluu ni hospitali?"

"Ndiyo, kukhu."

"Ziko kumi na tatu. Mwaka umeongezwa mwezi?"

Baba mdogo akacheka. Mimi nikaomba ile pakiti ya dawa, nikachukua mahindi kwa kikombe, nikapanga punje 28 kwa meza kutoka Agosti 5. Moja, siku moja. Punje zikaisha Septemba mosi. Nikaendelea kuweka kidole kwa meza tupu: mbili, tatu, nne, mpaka nane. Tarehe tisa ndiyo alienda.

Baba mdogo hakucheka tena. Akasema, "Si hiyo ndiyo wiki ulishikwa na kizunguzungu kisimani?"

Mimi si daktari. Siwezi kuwaambia kizunguzungu cha kisimani kilitoka kwa hizo siku saba, na sikusema hivyo hapo. Kukhu naye alikuwa wa kwanza kukataa. "Siku hiyo jua lilikuwa kali," akasema. Lakini alichukua hizo punje 28 akazirudisha kwa kikombe moja moja, na hakuna mtu alimharakisha. Akamwambia mke wa baba mdogo, "Januari sita. Unisindikize." Basi, hiyo ikaisha hapo.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akarudi tena kwa kalenda, akafunua mpaka Septemba. Akaikaa.

"Hapa umeandika hospitali yangu peke yake."

"Ndiyo."

"Septemba si ndiyo watoto hurudi chuo?"

Wale wapya hapa, nilitoka chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo. Nilishaandika yote kuhusu hiyo na sitarudia. Kukhu aliuza ng'ombe wa muhula wa kwanza, na tangu nitoke hajawahi kuniuliza. Wengine wote wameuliza, kwenye mazishi, kwenye harusi, kwa stage. Yeye kamwe. Sasa ameshika Septemba yangu mkononi, na kuna duara moja la buluu, na ni lake.

Ningeweza kumwambia mwaka huu nitarudi. Ni rahisi kusema, na Disemba watu husema mengi. Lakini nilikuwa nimetoka kumpangia punje kwa meza nikimwonyesha vile siku huwa hazidanganyi, nikashindwa kumuuzia tarehe ambayo sina.

"Kukhu, sina tarehe."

"Haya."

Akaomba biro. Akaweka alama ndogo ya X kwa Septemba, chini kabisa, si ndani ya boksi lolote, kwa ile nafasi iliyobaki baada ya 30. Akafunga. Sijui ni X ya nini. Sijamuuliza, na yeye hajasema.

Na kwa wale watasema simu iko na kalenda na kengele, mbona nisimwekee tu: simu ya kukhu ni kabambe, chaji yake iko kwa jirani siku tatu kwa wiki, na betri imefungwa na mpira. Hata angekuwa na ile yako kubwa. Kengele inalia, unaizima, inaisha. Hii iko kando ya redio na kila mtu anayeingia kusalimia anaisoma. Mke wa baba mdogo anajua tarehe. Jirani anajua. Binamu anazijua kwa kichwa, zote 13, anazitumia kuonyesha kwamba yeye si mtoto.

Yeye ndiye amenipigia juzi. Kukhu alienda Januari 6, akaenda Februari 3, na safari hii alifika na pakiti tupu iliyoisha jana yake. Machi ataenda mara mbili, na tayari ameanza kulalamika kuhusu nauli ya hiyo ya pili, so nauli nimeambiwa ni yangu. Halafu binamu akasema kuna shida moja. Kalenda haikai kwa mwezi unaofaa. Kila asubuhi kukhu anaifunua Februari, anakata siku na biro, halafu anairudisha Agosti. Amejaribu kuiweka Februari mara tatu. Mara tatu akirudi kutoka shule anapata iko Agosti, inaangalia mlango.